Vigingi Vinne Vyekundu

Maiti ilionekana Alhamisi, mara tu baada ya jua kuchomoza, ndani ya shimo jipya ubavuni mwa mlima, mahali ambapo barabara kuu ilipangwa kuupasua msitu. Ilikuwa ya mfuga nyuki, mzee aliyeongoza upinzani dhidi ya barabara hiyo tangu siku ya kwanza. Alikuwa akienda kuitazama mizinga yake alfajiri, kama alivyozoea. Shimo lilikuwa na kina cha watu wawili. Shingo yake ilikuwa imevunjika, na kando yake ililala kofia ya mlinzi wa kampuni ya ujenzi.

Sajini alipofika, wanakijiji walikuwa wamekwisha kumfunga mlinzi kamba. Mbele yao alisimama seremala, mdogo wake marehemu.

“Afande, muuaji ndiye huyu. Jana alimwambia kaka mbele ya watu: ukipita hapa tena utajuta. Leo kapita.”

Sajini, mwanamke mfupi asiyepaza sauti, alimpita. Alilizunguka shimo taratibu. Udongo wa mlima ule ulikuwa mwekundu, lakini penye pembe nne za shimo, hatua chache kutoka ukingoni, palikuwa na mabaka madogo ya udongo mweusi, laini, uliovurugwa upya. Alichota kidogo, akausugua kwa vidole. Chembe za njano zikabaki kiganjani. Akazifunga katika kitambaa.

Kituoni, saa nne asubuhi, mlinzi aliketi mbele ya Sajini.

“Kofia yako ilifuata nini shimoni?”

“Mimi ndiye niliyemkuta. Nilishuka kumwangalia kama anapumua, ikaanguka. Nikamwita: Mzee, Mzee. Kimya.”

“Na jana ulimtishia.”

“Nilimwonya. Shimo walilichimba jana mchana kupimia miamba, na njia yake ya mizingani inapita palepale. Nilimwambia ukipita utajuta. Ningemwambiaje, afande? Nimwimbie?”

“Mkaliacha wazi?”

“Hapana. Nilisimamisha vigingi vinne, pembe zote. Asubuhi havipo. Nikajua nimekwisha.”

“Kwa nini hukufunga utepe?”

“Uliisha. Mhandisi akasema tumia vigingi vya kupimia barabara, ni vyekundu, vitaonekana.”

Mhandisi alikuwa katika ofisi yake ya mabati, ramani imefunika meza nzima. Aliapa kwamba vigingi vilikuwepo.

“Wanakijiji wanavichomoa kila siku,” alisema. “Na hao waliovichomoa ndio wanaolia leo.”

“Utepe ungefika lini?”

“Ulikuwa njiani.”

“Hata marehemu alikuwa njiani,” Sajini alisema, akatoka.

Alasiri alikwenda msibani. Mjane alimpokea uani, penye miche iliyopangwa kando ya ukuta katika mifuko ya plastiki.

“Pole, mama. Miche hii yote ni ya nini?”

“Ni sheria ya mume wangu. Ukichomoa kigingi chao, panda mti katika tundu lake. Alisema tusiache shimo hata moja mlimani.” Aliunyoosha mche mmoja ulioinama. “Hata moja, alisema.”

Sajini alichutama, akagusa udongo wa miche. Ulikuwa na majivu.

“Wote mnatumia miche hii?”

“Kila mtu huotesha kwake. Mimi natia majivu, jirani anatia samadi. Shemeji yangu anatia unga wa mbao, tunamcheka kwamba miti yake itaota viti.” Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. “Jumatatu kesi yetu ya kupinga barabara inasikilizwa. Shemeji kaniambia nisilie sana. Kama mlinzi ameua, barabara itasimama. Kaniambia kaka yake ameshinda.”

“Shemeji yuko wapi sasa?”

“Karakana. Jeneza la kaka yake hakutaka liguswe na mkono mwingine.”

Karakana ilinuka gundi na mbao mbichi. Seremala alikuwa akipiga msasa jeneza, macho yamemvimba. Sajini alitazama sakafu. Katikati ya maranda meupe kulikuwa na mengine membamba, mekundu kama maganda ya pilipili.

“Kazi nzuri, Fundi.”

“Ya mwisho kwake, afande. Mlinzi amekiri?”

“Bado. Nisaidie tuligeuze.”

“Nini?”

“Jeneza. Nataka kuona chini.”

Msasa ulianguka. Hakuuokota.

“Maiti inasubiri, afande. Tuheshimu marehemu.”

“Namheshimu. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, bila askari.” Alifungua kitambaa juu ya benchi. “Udongo huu nimeuchota kando ya shimo. Una unga wa mbao. Mtu alichomoa vigingi akapanda miche, kisha miche ikang'olewa. Mmoja tu kijijini anaotesha hivi.”

Seremala alilishika jeneza upande mmoja, Sajini mwingine. Wakaligeuza. Chini palipigiliwa mihimili minne, imerandwa vizuri, lakini ndani ya nyufa za mbao rangi nyekundu ilikuwa imeng'ang'ania.

“Kila vigingi vilipopotea, polisi walipekua hata majikoni,” alisema kwa sauti iliyokauka. “Nikajua kaburi halipekuliwi.”

“Nieleze.”

“Juzi pale hapakuwa na shimo. Jana jioni nilipanda mlimani na miche yangu. Ukungu ulishuka, nisione mbali kuliko mkono wangu. Nikaona chekundu, nikachomoa. Nikapanda. Vyekundu vyote kwetu ni barabara, afande. Nani angejua kimoja kinaua na kingine kinaokoa?” Alikaa juu ya rundo la mbao. “Asubuhi niliona miche yangu minne imelizunguka shimo lenye kaka yangu. Wenzangu wakimfunga mlinzi, mimi nikaing'oa.”

“Mlinzi atanyongwa kwa miche yako.”

“Ni mtu wao!” Kwa mara ya kwanza sauti ilipanda, kisha ikavunjika. “Kama wamemuua wao, mlima unapona. Kama nimemuua mimi, kaka kafa bure. Nilitaka kifo chake kifae kitu.”

“Alikuachia sheria moja tu, Fundi. Usiache shimo. Wewe ulikuwa unachimba la pili, umtie mtu mwingine.”

Seremala alilia bila kuuficha uso. Alipomaliza aliomba kitu kimoja, naye Sajini akamruhusu. Aling'oa mihimili ile minne, akapigilia mingine ya mbao safi, akalifuta jeneza vumbi kwa shati lake. Kisha akanyoosha mikono ifungwe pingu.

Mjane aliposikia hakupiga ukelele. Aliuliza tu kama shemeji yake amekula.

Mazishi yalikuwa Ijumaa saa tisa. Wabebaji walipaswa kuwa sita, wakapatikana watano, na mwanya wa mdogo wa marehemu hakuna aliyethubutu kuuziba. Mlinzi, aliyeachiwa asubuhi ile, alikuwa amesimama nyuma kabisa, kichwa wazi. Mjane alimgeukia, akamwonyesha mwanya ule.

“Njoo,” alisema. “Wewe ulishuka kumwita.”

Jumatatu hakimu aliikaripia kampuni kwa kukosa utepe, kisha akairuhusu iendelee kupima. Vigingi vipya vimekwisha kuvuka mto wa kwanza. Watu wa mlima nao hawajaacha kupanda mlimani na miche yao. Ila sasa, kabla ya kugusa kigingi, kila mmoja hupiga magoti kwanza, akaupapasa ukungu ulio mbele yake kwa mikono miwili.