Patasi Ndani ya Mkoba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Msumari alifagia karakana ya baba yake. Alianzia mlangoni, akapita chini ya meza ya kupigia randa, akazunguka makopo ya gundi, kisha akaishia hapo. Kona ya mwisho hakuifikia kamwe. Huko ilisimama mashine ya kupasulia mbao, imefunikwa turubai tangu siku baba alipoumia. Vumbi lilikuwa limejaa juu yake, na panya walikuwa wamejipatia nyumba bila kumwomba mtu ruhusa.

Jina la Msumari alipewa na baba yake, fundi seremala, kwa sababu alizaliwa mwembamba, kichwa kikubwa. "Huyu hapindi," fundi alizoea kuwaambia wateja, na wateja walicheka hata wale waliokuwa wameusikia utani huo mara kumi. Siku hizi hakutania tena. Alipiga randa kimyakimya kwa mkono uliobaki na vidole vitatu, na binti yake alipoingia, aliangalia pembeni.

Asubuhi hiyo mdogo wake wa kiume, ambaye hata shule hajaanza, alikuwa amekaa kizingitini akipanga vipande vya mbao. Alipomwona dada yake anakuja na ufagio, aliinua viwiko haraka akaziba uso. Msumari hakuwa amesema neno. Lakini wiki iliyopita alimsukuma akaangukia stuli, kwa kosa la kugonga sufuria na kijiko. Tangu hapo mama alikuwa akiviweka visu juu ya kabati, na alidhani Msumari haoni. Msumari aliona, na ilimuuma sana.

Aliuegemeza ufagio ukutani. Katika ubao wa zana palining'inia patasi ndogo, ile ambayo baba aliinoa mpaka ikawa inanyoa nywele za mkono. Aliichukua, akaizungushia kitambaa, akaitumbukiza ndani ya mkoba wa shule. Alijiambia kuwa ni ya kumtisha Kipaza tu. Hata hivyo mikono yake ilikuwa baridi, na njia nzima aliuhisi mkoba mzito kuliko vitabu vilivyomo.

Kipaza alikuwa msichana wa darasani kwao. Jambo likimfikia yeye saa mbili, saa nne shule nzima inalo. Tangu fundi alipoumia, Kipaza alibuni mchezo wake. Kila aliponyoosha mkono kujibu swali, alikunja vidole viwili, akageuka kidogo ili Msumari aone. Darasa zima lilijikaza lisicheke. Mwalimu wa darasa aliona mkono ulionyooshwa vizuri tu. Kisha wakati wa mapumziko aliona ngumi za Msumari, na ngumi zikampeleka Msumari ofisini. Mara ya mwisho mwalimu mkuu alimwambia bila kuzungusha maneno: "Ukimpiga mtu tena, tafuta shule nyingine."

Siku hiyo mafundi walikuwa wakikata vigae nyuma ya darasa. Mashine yao ililia tangu kengele ya kwanza, na Msumari alikaa ameuma meno, mkoba mapajani. Ghafla umeme ukakatika. Taa zilizimika, mashine ikanyamaza, na darasa likapumua. Msumari peke yake hakupumua. Alishika kingo za dawati, akasubiri, kwa maana alijua kitu ambacho wenzake hawakukijua.

Umeme ukarudi. Mashine ikapiga ukelele kabla mtu hajaigusa.

Msumari aliruka, kitabu kikaanguka, naye akatoa sauti kama ya mtoto mchanga. Darasa liliangua kicheko. Kipaza, aliyekaa dawati la mbele yake, aligeuka na kunyoosha mkono, vidole viwili vimekunjwa. "Mwalimu! Kuna mtu anaogopa mashine!"

Baadaye Msumari hakukumbuka alivyofungua mkoba. Alikumbuka tu kwamba patasi ilikuwa mkononi, imeinuliwa, na kitambaa kilikuwa sakafuni. Kipaza aliacha kucheka. Alitandaza kiganja mbele ya uso wake kujikinga, vidole vyote vitano vimenyooka.

Msumari aliviona vile vidole.

"Toa mkono!" alipiga kelele. "Toa mkono hapo! Toa!"

Patasi ilishuka ikachoma ubao wa dawati, ikasimama. Hakuna aliyeguswa. Kipaza alilia, na hakuna aliyecheka tena. Mwalimu alikuja polepole, akaing'oa patasi, akaiweka mbali, kisha akamshika Msumari mabega.

Waliitwa wazazi. Fundi alifika na maranda nywelani, mama akiwa na mdogo wake Msumari mgongoni. Mwalimu mkuu aliilaza patasi mezani.

"Hii ingeweza kulitoa jicho la mtoto wa watu," alisema. "Nimepita shule nne, sijawahi kuona jambo hili. Nipeni sababu moja ya kumbakiza hapa."

Fundi alitazama sakafu. Ndipo mwalimu wa darasa akainama mbele ya Msumari, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, Kipaza alikuwa amejikinga tu. Wewe ulikuwa unamwambia nani atoe mkono?"

Msumari aliitazama patasi pale mezani.

"Baba," alisema.

Kisha maneno yakatoka yote. Karakana yao ilikuwa na sheria. Ubao ukikwama kwenye mashine, Msumari huzima swichi na kupaza sauti, "Imezimwa!" Baba hujibu, "Nimesikia!" Hapo tu ndipo huingiza mkono. Siku ile baba alipoumia, umeme ulikatika, msumeno ukasimama wenyewe.

"Nikadhani basi, imezimika. Sikugusa swichi. Sikuita. Baba akaingiza mkono, halafu umeme ukarudi." Alilia sasa bila kujificha. "Ni mimi niliyemkata vidole. Ndiyo maana hataki kuniona. Na kila nikisikia kelele ninaona damu, nataka inyamaze, nampiga yeyote aliye karibu."

Fundi alinyanyuka. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, alimtazama binti yake usoni.

"Nani kakwambia hayo?"

"Hakuna. Hakuna aliyeniambia chochote."

"Ee, mwanangu!" Fundi alipiga magoti pale pale. "Sheria niliiweka mimi. Sikusikia sauti yako, na bado niliingiza mkono, maana nilikuwa na haraka ya kumaliza vitanda vya watu. Plagi nayo ningeichomoa, sikuichomoa. Isitoshe, mtu mzima gani anamsimamisha mtoto kwenye swichi ya mashine ya kukata? Nikikuona naona aibu, ndiyo maana naangalia pembeni. Nilidhani tukinyamaza utasahau."

"Na mimi nikaficha visu," mama alisema, akifuta macho kwa ncha ya khanga. "Nilimwogopa mtoto wangu mwenyewe, nikashindwa kumuuliza."

Mwalimu wa darasa alikiri kwamba naye aliona ngumi tu, mkono wa Kipaza hakuuona. Mwalimu mkuu hakumfukuza Msumari, ila hakulainika kirahisi. Msumari alikaa nyumbani wiki nzima, akaomba radhi mbele ya Kipaza na wazazi wake, na akatakiwa kukutana na mwalimu wa ushauri kila wiki hadi mwisho wa mwaka. Kipaza naye alitakiwa kuomba radhi, na safari hiyo sauti yake haikufika hata dawati la pili.

Hasira haikuondoka kwa siku moja. Mwalimu wa ushauri alimfundisha kuitambua inapoanza: mikono kuwa baridi, meno kukazana. Alimwambia kwamba ikifika hapo, aondoke au aseme.

Jumamosi moja fundi alivuta turubai. Panya walitimka, mama akapanda juu ya meza kwa kasi ambayo hakuna aliyejua anayo, na fundi akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akachomoa plagi na kuiweka juu ya meza, mahali ambapo kila mtu angeiona.

"Hakuna mtoto tena kwenye swichi," alisema. "Sikiliza, Msumari. Ulikosea kubeba patasi, na kosa hilo ni lako, usimpe mtu mwingine. Lakini ulikuwa na maumivu ukayaweka peke yako, nasi tukakuacha nayo. Siku yakirudi, niite. Usisubiri mpaka mkono unyanyuke. Hata niwe katikati ya kazi, nitaacha."

Mlangoni mdogo wake alianza kugonga kopo la gundi na kijiko. Msumari alihisi mikono inakuwa baridi. Akashusha ufagio.

"Mdogo wangu, kelele hiyo inanitisha," alisema. "Gonga polepole."

Mtoto aliinua viwiko, akasubiri. Hakuna kilichokuja. Akavishusha, akagonga polepole.

Msumari alifagia mpaka kona ya mwisho. Alipomaliza aliingia jikoni, akamkuta mama amesimama juu ya stuli, anapapasa juu ya kabati. Alishuka na kisu, akakigeuza, akamnyooshea upande wa mpini.

"Njoo unisaidie kukata vitunguu," alisema mama.