Nilifuta Maneno ya Baba Yangu

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Ikutha. Sina mume, sina mtoto. Lakini msinionee huruma bado, wasomaji wenzangu... ngojeni kwanza mnisikie!

Miaka ya tisini, nikiwa na miaka ishirini na kitu, nilikuwa karani wa kanisa letu pale Emali. Kazi yangu ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta maneno ya wazee kuhusu mipaka ya mashamba, kabla hawajafa nayo. Karatasi zilikuwa zimeliwa na mchwa, tukabaki kutegemea disketi. Baba yangu, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, alinena pia: shamba la mtoni ni la mke wangu na binti yangu, ndugu yangu asiliguse. Muda si muda tukamzika, na mashahidi wake wawili wakamfuata.

Kila disketi niliitolea nakala. Seti moja ilikaa afisini, ya pili kabatini kwa Mutheu, karani mwenzangu. Mutheu! Nilikula naye sahani moja, nikamwita dada.

Tukaalikwa Kitui mjini kwenye kongamano la watunza kumbukumbu, kujadili jinsi ya kuhifadhi mambo ya kompyuta yasipotee. Niliandika hotuba kwa mkono, nikampa Mutheu aipige chapa. Siku yenyewe jina lililoitwa lilikuwa lake! Nilikaa nyuma nikimsikiliza akisoma maneno yangu. Hata kifo cha baba alikisoma... "baba yangu mzazi," alisema, akajifuta machozi. Baba yake alikuwa hai, anauza mbuzi Malili!

Walimpigia makofi. Wakamwalika Nairobi, akawaonyeshe wakubwa hizo disketi zikifanya kazi.

Nikachekacheka naye. Lakini mchana mmoja alipoenda kula, nilichomoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, nikaipitisha juu ya disketi zote za afisini, moja baada ya nyingine, maana sumaku hufuta kila kilichomo. Sikuwa na wasiwasi. Si nakala zilikuwa kabatini kwake?

Nairobi nilikaa safu ya mbele. Mutheu akaingiza disketi ya kwanza... haisomeki. Ya pili... haisomeki! Jasho likamtoka mbele ya wataalamu. Hapo nikainua mkono, nikamuuliza kwa sauti tamu nakala za pili ziko wapi. Oh, nilifurahi! Sijawahi kuonja utamu kama ule.

Tulipotoka nje akanishika mkono.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Hizo za kwangu nilizifuta kitambo. Disketi tupu hazikuwepo, na nilitaka pahali pa kuweka speech yangu."

Maneno ya baba, maneno ya wazee wa watu, yote yalikuwa yamekwenda. Yeye alifuta seti moja, mimi nikafuta nyingine.

Habari zikafika kwa baba mdogo kabla yangu. Akaingiza ng'ombe wa kulima shamba la mtoni. Chifu akatuomba ushahidi, tukakosa. Leo mama analima kipande cha kuazimwa kwa ndugu zake.

Siku tuliyofukuzwa, mama aliniuliza ni nani aliyefuta. Nikasema ni mtu wa afisini. Akasimama kwenye mpaka, akachota udongo, akainua mikono.

"Yule aliyefuta maneno ya mzee wangu, asishike mtoto wake maishani!"

Wakamba wenzangu mnajua kiumo cha mama, laana ya mzazi, ni kitu gani. Nami nilisimama kando yake, nikimwaza Mutheu, nikaitikia kwa nguvu zangu zote: "Amina!"

Mutheu ana mapacha sasa. Mimi niliolewa, nikazika watoto watatu kabla hawajapewa majina, mume akaniacha. Bado namchukia, sitawadanganya! Lakini ndugu zangu, ukitaka kulipa kisasi, kwanza angalia ni kitu cha nani umeshika mkononi. Mama kila jioni ananiombea mjukuu... na mimi bado sijathubutu kumwambia afute lile neno.