Nafasi Mbili Tupu Katika Daftari la Laini

Kila alfajiri filimbi ya kambi ilipolia, ilimkuta kuruta aitwaye Kasuku amekwisha kufunga kamba za buti. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa na blanketi limenyooshwa bila kunyanzi hata moja. Kwa usafi na kuwahi hakuna aliyemshinda. Tatizo lake lilikuwa mdomo. Akiona jambo haliendi sawa, alisema. Akiambiwa anyamaze, aliuliza kwa nini. Ndiyo maana wenzake walimpa jina hilo tangu wiki ya kwanza, na hakulikasirikia.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Shangazi yake, ambaye ndiye aliyemlea, alicheka mpaka akashika mbavu siku aliposikia kwamba binti anakwenda jeshini.

"Wewe? Jeshini?" alisema shangazi. "Huko mtu haambiwi mara mbili, mwanangu. Watakurudisha kabla sijafua shuka zako!"

"Basi usizifue, shangazi," Kasuku alijibu. "Sirudi."

Hakuwa akitania. Alitaka kuwa fundi wa mawasiliano wa jeshi, mtu wa simu na redio, na alilitaka jambo hilo kwa moyo wake wote. Baada ya mafunzo ya mwanzo, kuruta kumi na wawili walichaguliwa kujaribiwa kazi hiyo, naye akiwemo. Lakini shule ya mawasiliano ilikuwa na nafasi sita tu. Sita wangekwenda, na sita wangebaki kulinda geti na kupanga magunia stoo. Kasuku alikuwa amekwisha kupewa maonyo mawili kwa sababu ya ubishi. Onyo la tatu lingemfutia nafasi, hata kama angekuwa fundi kuliko wote.

Mkufunzi wao alikuwa sajenti mwembamba mwenye mvi, ambaye kuruta walimwita Sajenti Halo, ingawa si mbele yake. Miaka ya kushika simu ilikuwa imemwachia mazoea ya kusema "halo" hata akigonga mlango. Kambini kulikuwa na redio za kisasa, lakini yeye aliwaanzisha na waya na simu za zamani za kuzungusha kwa mkono.

"Kama waya unaouona kwa macho unakushinda," aliwaambia, "mawimbi ya redio usiyoyaona utayaweza vipi?"

Siku ya jaribio ilipofika, aliwapanga katika vikosi vinne mbele ya chumba cha swichibodi, yaani mahali ambapo simu zote za kambi huunganishwa. Akaelekeza fimbo yake upande wa vilima vilivyo nyuma ya uwanja wa shabaha.

"Kila kikosi na kilima chake," alisema. "Mtavuta laini ya simu kutoka hapa mpaka juu. Wiki ijayo askari watapiga shabaha kule chini, na raia hupita karibu wakienda kuchota maji. Mlinzi aliye kilimani akiona mtu, anapiga simu hapa na risasi zinasimamishwa. Kwa hiyo msifikiri tunacheza, na muda wenu nitauhesabu. Kila mkiunganisha roli moja la waya na jingine, mnapiga simu swichibodi kabla ya kusogea. Mkijibiwa, mnaandika saa katika daftari la laini. Msipojibiwa, hamsogei. Mmenielewa?"

"Ndiyo, afande!"

Kikosi cha Kasuku kilikuwa na watu watatu. Kiongozi wao aliitwa Spidi, kijana mwepesi, hodari wa mbio, aliyepewa ukoplo wa muda kwa ajili ya siku hiyo na ambaye tayari alitembea kifua mbele. Wa pili aliitwa Twiga kwa urefu wake, na kazi yake ilikuwa kubeba mti mrefu wenye panda wa kuinulia waya juu ya matawi. Twiga alikuwa mpole, na hakupenda kabisa kugombana na mtu. Kasuku alibeba simu ya kupimia na daftari.

Walianza vizuri. Roli la kwanza lilipoisha, Spidi alimenya ncha za waya kwa koleo, akazifunga fundo na kuzizungushia utepe mweusi. Kasuku akabana nyaya za simu kwenye kiungo na kuzungusha mpini wa simu.

"Swichibodi," ilijibu sauti.

"Kiungo namba moja. Unanisikia?"

"Nakusikia vizuri. Saa mbili na dakika kumi na tano."

Kasuku akaandika katika nafasi ya kwanza. Wakaendelea. Jua lilianza kuchoma, na roli lilipiga kelele mgongoni mwa Spidi kila alipochapua mwendo. Walipofika kwenye kiungo cha pili, Twiga, ambaye aliona mbali kuliko wenzake, alisema bila kufikiri, "Wale jamaa wa kikosi cha pili wanatukaribia."

Spidi aligeuka na kuona kwamba ni kweli. Alifunga kiungo chapuchapu na kunyanyua roli jipya.

"Twende!"

"Hatujapima," alisema Kasuku.

"Maroli yote tuliyapima jana jioni stoo, na wewe mwenyewe ulikuwepo. Mazima yote. Unataka kupima mara ngapi?"

"Sajenti amesema kila kiungo."

"Sajenti ametaka pia tuwahi. Andika saa mbili na dakika arobaini, twende zetu."

Kasuku alitazama daftari, kisha akamtazama Spidi. "Siandiki. Hakuna aliyenijibu saa mbili na dakika arobaini."

"Ni amri!"

"Ukiniamuru tusipime, hilo ni lako. Ukiniamuru niandike kwamba tumepima, hapo ni mkono wangu. Siandiki, kaka, hata tukilala hapa."

Spidi alimkodolea macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mama aliyewaambia mtaa mzima kwamba mwanawe atakwenda shule ya mawasiliano, na aliogopa kurudi mikono mitupu. Lakini woga ule alikuwa ameuvika ukali, na Kasuku aliuona ukali tu.

"Onyo la tatu linakuja, Kasuku," alisema. "Mimi simo."

Maneno hayo yalimchoma. Kwa muda mfupi alimwona shangazi mlangoni akicheka. Kalamu ilikuwa mkononi, na mstari mmoja wa wino ungemaliza ugomvi wote. Aliifunga kalamu na kuiweka mfukoni. Wakaondoka bila kupima, na kwenye kiungo cha tatu ikawa vilevile. Nafasi mbili katika daftari zikabaki tupu.

Walikuwa wa kwanza kufika kilimani kwao. Spidi alirusha kofia juu, akaunga simu kwenye ncha ya waya na kuzungusha mpini kwa mbwembwe. Kimya. Akazungusha tena. Akapuliza kwenye tundu la kusemea na kugonga kisanduku kwa kiganja. Simu haikutoa hata mkwaruzo.

"Labda swichibodi wamekwenda kunywa chai," alisema Twiga kwa sauti ndogo.

Chini ya kilima, gari la Sajenti Halo lilikuwa linapanda. Spidi alinyakua daftari kutoka mkononi mwa Kasuku, akaandika upesi saa za kubuni katika zile nafasi mbili, na kulirudisha kabla Kasuku hajafunga mdomo uliobaki wazi kwa mshangao.

"Halo," alisema Sajenti akishuka. "Nyinyi ndio wa kwanza. Laini inasemaje?"

"Imekata, afande," alijibu Spidi akisimama wima. "Lakini viungo vyote vitatu tulivipima, vikajibu. Daftari hili hapa."

Sajenti alichukua daftari na kulisoma polepole, kidole kikipita chini ya kila mstari. "Basi kama mpaka kiungo cha tatu laini ilikuwa nzima, kosa liko kwenye roli la nne, la mwisho. Tafuteni hapo tu. Kuna anayetaka kusema neno?"

Twiga aliangalia buti zake. Spidi alikaza macho mbele. Kasuku alijua sheria vizuri: kiongozi akishatoa taarifa, kuruta wengine hufunga midomo. Alijua pia wangeuchambua waya wa roli la nne jioni yote na kuambulia patupu, na mlinzi wa wiki ijayo angekabidhiwa laini yenye karatasi ya uongo. Hasira ilimpanda, wala hakujisumbua kuishusha.

"Ninalo mimi, afande," alisema, akapiga hatua mbele. "Kiungo cha pili na cha tatu hatukupima. Saa zilizoandikwa hapo ni za kubuni. Si mwandiko wangu."

"Nani kakuruhusu kutoka kwenye mstari?"

"Hakuna, afande."

"Unajua una maonyo mawili?"

"Najua. Ukinipa la tatu nitalipokea. Lakini roli la nne silitafuti, kwa sababu sijui kama kosa liko huko. Ninachojua ni kwamba kiungo cha kwanza kilijibu, maana nilikisikia kwa masikio yangu. Naomba nirudi kuanzia hapo."

Sajenti akamgeukia Twiga. "Wewe mrefu. Mlipima?"

Twiga aliinua macho kutoka kwenye buti zake. "Hatukupima, afande."

"Nendeni," alisema Sajenti. "Wote watatu."

Walishuka wakiufuata waya. Kwenye kiungo cha pili Kasuku alifungua utepe, akabana nyaya na kuzungusha. "Swichibodi," sauti ikajibu. Alitaja kiungo, akaandika saa ya kweli pembeni mwa ile ya Spidi. Wakaenda kiungo cha tatu. Hapo simu ilikuwa bubu.

"Roli la tatu," alisema Spidi, na ukali wote ulikuwa umemtoka. "Si la nne."

Kasuku hakusema chochote, na kwake hiyo ilikuwa kazi kubwa. Walikwenda katikati ya urefu wa waya ule, wakachoma pini mbili kupita ganda la mpira ili ziguse shaba iliyo ndani, wakapima. Ilijibu. Wakasogea nusu ya sehemu iliyobaki, wakapima tena. Kimya. Waliendelea kugawa hivyo mpaka ikabaki hatua thelathini tu. Twiga alipiga magoti na kuupitisha waya vidoleni taratibu. Ghafla vidole vikasimama.

"Hapa pamelegea sana. Panajikunja ovyo."

Spidi alipasua ganda kwa koleo. Nje palikuwa pazima kabisa, lakini ndani waya ulikuwa umekatika. Walikata kipande kile, wakaunga upya, wakapima, wakajibiwa, wakaandika. Walipopanda kilimani mara ya pili na kuzungusha simu, sauti ya swichibodi ilitoka safi. Vikosi vingine vitatu vilikuwa vimekwisha kumaliza na kurudi kivulini.

Saa tisa alasiri kuruta wote kumi na wawili walisimama mbele ya Sajenti.

"Waya uliokatika niliuweka mimi," alisema. "Baada ya nyinyi kupima maroli jana jioni, nilibadilisha moja kwa kila kikosi. Lenu," akamgeukia Spidi, "nililiweka la tatu. Kwa hiyo, koplo wa muda, ulipoapa kwamba kiungo cha tatu kilijibu, nilijua unanidanganya. Nikataka kuona kama atapatikana mtu wa kulisema."

Spidi aliinamisha kichwa.

"Vikosi vitatu viligundua kosa kwenye kiungo kilekile lilipotokea, kwa sababu walipima. Walionekana wazito, wakamaliza mapema. Nyinyi mlikuwa wepesi, mkawa wa mwisho. Hilo la uvivu wa kupima linasameheka mara moja. La kuandika uongo ni jingine. Siku moja mlinzi atakuwa juu ya kile kilima, na chini yake mtoto amebeba ndoo anakatiza mbele ya bunduki. Mlinzi atazungusha simu akiamini kilichoandikwa daftarini. Ukijaza nafasi kwa saa ya kubuni, umemdanganya yeye, na atakayeumia ni yule mtoto. Nafasi tupu inamwambia fundi wapi pa kuanzia. Ukishindwa kazi, sema umeshindwa, tutakufundisha."

Akamvua Spidi utepe wa ukoplo na kumwambia arudie jaribio na kundi lijalo. "Sikufukuzi," aliongeza. "Mikono yako inajua kufunga kiungo. Kajifunze na lililobaki."

"Ndiyo, afande," alisema Spidi. Alipopita mbele ya Kasuku alisimama. "Ningekusikiliza tungemaliza mapema," alisema kwa sauti iliyosikika na wote, na huo nao ulikuwa ujasiri.

Sajenti akasoma majina sita. Twiga alikuwa wa tano. La sita lilikuwa la Kasuku, na uso ukamchanua.

"Usichekelee," alisema Sajenti. "Kusema kweli si kosa. Kutoka kwenye mstari bila ruhusa ni kosa, na ungeweza kunyoosha mkono kwanza. Badala ya onyo, beba roli tupu, zunguka uwanja mara tatu. Ukimaliza, kafungashe nguo zako za shule ya mawasiliano."

Kasuku aliliweka roli mgongoni na kuanza kukimbia, kidevu juu. Alizunguka mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Jasho lilimtiririka machoni, wenzake wakimhesabia kwa sauti. Walipoanza kumpigia makofi kwamba amemaliza, aliwapita bila kupunguza mwendo.

Aliporudi, Sajenti alikuwa amesimama, mikono kiunoni. "Nilisema tatu. Hiyo ya nne nani kakupa?"

"Nimejipa mwenyewe, afande," alijibu Kasuku akihema. "Hiyo ni ya mara ijayo."