Mfuko Uliofumuliwa

Chuoni walimwita Sindano. Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la ushonaji, kwa sababu alikuwa mwembamba na mkimya. Sindano huingia na kutoka bila kelele, walisema wakicheka. Naye alicheka nao. Hawakujua kwamba zamani alikuwa msemaji hasa, hata mama yake alikuwa akimwambia anyamaze kidogo ili redio nayo isikike.

Kila Jumapili alimpigia mama yake simu. Mama alikuwa fundi wa nguo, na hakuwa mtu wa kuacha kazi kwa ajili ya simu. Aliibana kati ya sikio na bega, akaendelea kushona. Kwa hiyo Sindano aliposikiliza, alisikia sauti mbili: ya mama, na ya cherehani kikinguruma.

Mama aliuliza kama anakula. Sindano alijibu kwamba anakula. Mama aliuliza habari za masomo. Sindano alijibu kwamba yanakwenda vizuri. Kisha waliagana. Kila alipokata simu, alijiona mpweke kuliko kabla hajapiga.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mama. Mwaka uliopita, Sindano alibakwa. Aliyemfanyia hivyo hakuwa mtu wa kutoka gizani. Alikuwa mwanafunzi mwenzake, mpole machoni pa watu, aliyekuwa akimfundisha hesabu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa nini hakumwambia mama? Zamani, binti wa jirani alikuwa amepatwa na balaa kama hilo. Habari ilipofika nyumbani, mama aliuliza, huku akivuta uzi, "Na yeye alikuwa amevaa nini?" Mama hakuwa na roho mbaya. Lilikuwa neno lililomtoka mdomoni tu, akalisahau. Sindano hakulisahau.

Alikaa na siri yake peke yake kwa miezi mingi. Alikaa nayo darasani, akakaa nayo bwaloni katikati ya vijiko na vicheko. Mwishowe usingizi ukamkimbia kabisa, akaenda zahanati ya chuo. Muuguzi wa pale, ambaye wanafunzi wote walimwita Sista, alimpokea bila kumhukumu. Alimpima, akampeleka kwa mshauri wa hospitali. Pole pole Sindano akaanza kulala tena.

Alipopata nafuu, aliwaza jambo moja tu: asiwepo msichana mwingine chuoni atakayekaa peke yake kama alivyokaa yeye. Akaomba kuanzisha kikundi cha kusaidiana. Chuo kilikubali. Sista alimshauri asubiri kwanza mafunzo ya wasikilizaji, yaani wanafunzi wa kuwasikiliza wenzao walioumizwa, yatakayotolewa na mshauri wa hospitali. Lakini Sindano hakuweza kusubiri. Alidhani kuumwa kunatosha kumfanya mtu tabibu.

Alimpata mwenzake wa kujitolea, kijana wa serikali ya wanafunzi aliyeitwa Spika. Jina lake lilimfaa. Akinong'ona upande huu wa ua, anasikika upande wa pili. Lakini moyo wake ulikuwa safi, na dada yake mwenyewe aliwahi kufanyiwa ukatili. Spika alitafuta ubao mpana, akaupaka rangi nyeupe, akaandika kwa herufi nyekundu: MSAADA KWA WALIOBAKWA. INGIA HAPA. Wakauning'iniza juu ya mlango wa chumba chao.

Chumba hicho kilitazamana na bwalo. Maandishi yale yalisomeka vizuri kabisa kutoka kwenye foleni ya chai.

Jumatano ya kwanza walipanga viti kwa duara, wakasubiri. Hakuja mtu. Jumatano iliyofuata pia hakuja mtu. Spika alijaribu mzaha, akasema labda ukatili umekwisha duniani na wao hawajaambiwa. Sindano hakucheka. Alitazama viti vitupu, akahisi vile vile alivyohisi siku zile za mwanzo, kwamba yuko peke yake duniani.

Kisha akaja msichana mmoja. Alivaa mtandio wa njano na koti la buluu la karakana, kwa kuwa alisomea ufundi umeme. Alisimama mbali kidogo na mlango. Alitazama ubao, akatazama foleni ya chai, akageuka na kuondoka haraka.

Sindano aliruka kitini. Alimkimbilia uani mbele ya watu wote, akiita, "Dada! Usiogope! Njoo, sisi tutakusaidia!"

Foleni nzima iligeuka. Msichana aliinamisha kichwa, akazidisha mwendo.

Jioni ile maneno yalienea mabwenini. Wengine walisema kumbe naye yamemkuta. Wengine walitaja na jina la mwanamume, ingawa hawakujua lolote. Tangu siku hiyo, mtandio wa njano haukuonekana tena bwaloni wala karakana. Wenzake wa chumba walisema amejifungia, hataki kula, na anazungumzia kuacha chuo.

Habari hizo zilimfikia Sindano. Alikwenda zahanati akakaa kwenye benchi, akalia. Alimweleza Sista yote, halafu akasema, "Nilitaka kumwokoa. Sasa nimemzamisha. Akiacha chuo, ni mimi."

Sista alimpa maji. Alimngoja amalize kulia. Kisha akamuuliza, "Siku zile zako, ungependa mtu akufanyie nini?"

Sindano alifikiri. "Akae karibu nami tu. Asiniulize kitu."

"Na wewe ulimfanyia nini yule?"

Jibu lilikuwa wazi na lilimuuma.

"Nisikilize, mwanangu," Sista alisema. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe umekilalia kitanda hicho, na ndiyo maana msaada wako una thamani. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Ulimkimbilia yule msichana kwa sababu kidonda chako mwenyewe kilikuwa kinakimbia."

Akamweleza kwamba mtu aliyebakwa amenyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake. Kwa hiyo msaada wa kwanza ni kumrudishia uamuzi. Aamue mwenyewe kama atasema, atasema na nani, lini, na kiasi gani. Ukimlazimisha, hata kwa wema, unamnyang'anya mara ya pili.

"Na ule ubao wenu," Sista aliongeza, "nani angepita chini yake bila kutangazwa kwa chuo kizima?"

Sindano aliuliza kama aende kumwomba radhi. Sista alisema asiende kumgongea mlango. Yeye mwenyewe, kama muuguzi, angempelekea ujumbe wa faragha kwamba zahanati iko wazi, na kwamba halazimiki kuja. Mengine yangebaki mikononi mwa msichana.

Safari hii Sindano na Spika walikubali kufundishwa. Mshauri wa hospitali alikuja, akakaa nao pamoja na wanafunzi wengine wachache waliochaguliwa. Aliwafundisha kwamba msikilizaji si polisi, si hakimu, wala si daktari. Hadai maelezo. Haulizi mtu alivaa nini, wala alikwenda pale kufanya nini. Anasema nakuamini, na anasema si kosa lako. Siri anaitunza. Haipeleki hata kwa rafiki wa karibu. Ila maisha ya mtu yakiwa hatarini, atamwambia wazi kwamba hapo lazima watafute msaada wa mkubwa. Na msikilizaji naye ana pa kutua mzigo: kila wiki wangekutana na Sista.

Mshauri alisisitiza jambo la hospitali. Aliyebakwa afike mapema iwezekanavyo, ikiwezekana kabla hajaoga, na nguo alizovaa aziweke kwenye mfuko wa karatasi bila kuzifua. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi lazima ianze kutumiwa ndani ya siku tatu tangu tukio, na kila saa ina maana. Ipo pia dawa ya kuzuia mimba. Hata siku zikipita, aende tu, bado kuna matibabu na msaada. Na haya si ya wasichana peke yao. Wavulana nao hubakwa, na nao huona aibu kusema.

Spika aliuliza sasa watu watakujaje, ubao ukishushwa. Ndipo Sindano akasema kwa sauti ndogo, "Darasa letu la ushonaji huwa tupu Jumatano alasiri. Tulifungue kwa mtu yeyote mwenye nguo ya kurekebisha. Atakayeingia, hakuna atakayejua amekuja kwa zipu au kwa jingine."

Ndivyo walivyofanya. Tangazo dogo lenye namba ya simu ya wasikilizaji, na kwamba Jumatano wako darasa la ushonaji, wakalibandika ndani ya milango ya vyoo, vya wasichana na vya wavulana, mahali ambapo mtu husoma akiwa peke yake. Ubao mkubwa ukashushwa. Spika aliutazama kwa huzuni, maana herufi zake zilikuwa nzuri kweli. Mwishowe aliugeuza, akaulaza juu ya meza mbili, ukawa meza ya kukatia vitambaa. Akasema sasa angalau utakuwa na kazi.

Watu wakaanza kuja. Wengi walikuja kwa vifungo na mapindo tu, wakashona, wakaondoka. Baadhi walibakia kuzungumza. Lakini kila mlango ulipofunguka, Sindano alitafuta mtandio wa njano, hakuuona. Chumba kilikuwa na watu, naye bado alikuwa mpweke. Huyo mmoja aliyemfukuza ndiye aliyemkosesha raha.

Jumatano moja, mvua ikinyesha, msichana yule aliingia. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye cherehani cha mwisho kabisa, karibu na dirisha, akatoa koti lake la karakana. Mfuko wake ulikuwa umeachia.

Sindano alimpelekea uzi wa buluu na sindano. Alisema, "Siku ile nilikosea kukukimbilia mbele za watu. Nisamehe." Kisha akarudi mahali pake, ingawa moyo ulimvuta abaki.

Msichana alishona mfuko wake vibaya, huku na huku. Alikata uzi kwa meno, akalikunja koti. Aliondoka.

Jumatano iliyofuata alirudi na koti lile lile, mfuko ule ule umeachia tena. Sindano aliutazama mara moja akaelewa. Fundi hujua nguo iliyochanika na nguo iliyofumuliwa. Nyuzi zile zilikuwa zimekatwa kwa wembe, moja moja, kwa uangalifu. Msichana alikuwa ameufumua mfuko wake mwenyewe ili apate sababu ya kurudi.

Sindano alihisi machozi yakimlenga. Hakuuliza kitu. Alimpa uzi.

Mfuko ule ulishonwa na kufumuliwa Jumatano nyingi. Sindano alisogeza kiti chake, mpaka wakawa wanashona bega kwa bega. Siku moja msichana alisema, bila kuinua macho, "Ni mtu ninayemfahamu."

"Nakuamini," Sindano alisema. "Na si kosa lako."

Msichana alivuta uzi mpaka ukakatika. "Lazima niende polisi?"

"Hulazimiki. Ukitaka, kuna watakaokwenda nawe. Usipotaka, tutakaa hapa tushone. Zahanati ni vizuri uende, na nitakusindikiza ukipenda. Wewe ndiye utakayeamua."

Sindano alimpa uzi mwingine. Halafu msichana akaamua. Alitaka zahanati kwanza. Mengine angeyafikiria. Sindano alimsindikiza mpaka mlangoni kwa Sista. Kabla ya kuingia, msichana aligeuka.

"Na wewe? Nani alikaa nawe hivi?"

"Sista," Sindano alijibu.

"Na nyumbani?"

Sindano alitikisa kichwa.

Msichana wa mtandio wa njano hakuacha chuo. Alirudi karakana, akarudi na bwaloni, mwanzoni akiwa na Sindano upande mmoja na upande wa pili Spika, ambaye mnong'ono wake ulikuwa kama kipaza sauti. Baadaye aliamua kupeleka malalamiko kwa uongozi wa chuo, na hakwenda peke yake. Chumba cha vyerehani kilizoeleka. Koti lake lilibaki na mfuko ulioshonwa imara, naye bado alikuja kila Jumatano, sasa bila kisingizio.

Lakini lile swali lake lilimfuata Sindano kila mahali. Jumapili moja mchana alipiga simu kama kawaida. Mama aliuliza kama anakula. Nyuma ya sauti yake, cherehani kilinguruma.

"Mama," Sindano alisema, "kuna jambo nataka kukuambia. Ni zito. Naomba usiniulize kitu kwanza. Sikiliza tu."

Mngurumo uliendelea kidogo, halafu ukapungua. Kisha, kwa mara ya kwanza katika Jumapili zote zile, cherehani kikanyamaza.

"Nimeacha kushona," mama alisema. "Sema, mwanangu. Nakusikiliza."