NILIMFUKUZA MKWE WANGU KWA SABABU YA NDOO YA MAJI

Sikuwa na mke, maana Eufrasia wangu alikuwa ameshatangulia.

Sikuwa na mtu wa kuniuliza, "Mzee Florian, una uhakika?"

Sikuwa na ushahidi.

Na Jumapili ile, ndugu zangu, sikuwa na subira hata chembe!

Nilichokuwa nacho ni akwariamu sebuleni kwangu, hapa mtaani Mukendo. Ndani yake furu, wale samaki wadogo wa rangi wa ziwa letu, aina ambayo wavuvi wanasema siku hizi hawaioni nyavuni. Eufrasia ndiye aliyewalea. Akiwa kitandani aliniambia:

"Florian, wasife mikononi mwako."

Walikuwa kumi na wawili. Mwezi ule watano wakafa!

Basi Jumapili ile natoka misa mapema. Nafungua mlango...

Namkuta Nyangi, mke wa mwanangu Revocatus, ameinamia akwariamu. Anamimina kitu kutoka kwenye ndoo!

"Unawawekea nini?!"

Hakujibu. Akainamisha macho, akarudi kinyumenyume mpaka jikoni.

Kwetu mkwe hasemeshani na baba mkwe ana kwa ana. Neno lake hupitia kwa mumewe. Nalijua hilo tangu utoto. Lakini mtu ukishashuku, hata ukimya unausikia kama ungamo.

"Revocatus! Mkeo ananiulia samaki!"

"Baba, tulia kwanza..."

"Nimemwona kwa macho yangu! Kwao Nyegina samaki ni kitoweo tu!"

"Baba, Nyangi ali..."

"Kimya! Leo hii arudi kwao!"

Nyangi akafunga nguo zake kwenye kitenge, akapanda bodaboda. Hakulia. Hata hilo nikalishuku!

Mnajua kwa nini nilijiamini? Kwa sababu suala la maji nilikuwa nimelishughulikia kisomi.

Maji ya bomba yana dawa, na dawa ile ni hatari kwa samaki. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwezi ule nilikwenda Bunda kutafuta chujio. Duka la kwanza wakanionyesha la mkaa, dogo kama chupa ya chai. Nikalidharau. Duka la pili nikamkuta muuzaji, Fahadi, na mashine ya kuchujia yenye mitungi mitano!

Akaweka glasi mbili mezani. Moja maji ya bomba, nyingine maji ya mashine. Akatumbukiza vyuma vya umeme. Ya bomba yakageuka kahawia kama tope! Ya mashine yakabaki meupe pe.

"Mzee wangu, ona uchafu unaokunywaga kila siku!"

"Nifungie hiyo," nikasema.

Mimi nimesoma masomo ya jioni nikiwa na mvi. Jaribio la kisayansi nikiliona, naliamini.

Sasa Nyangi kaondoka. Nikamwaga maji yote "yenye sumu yake", nikajaza ya mashine matupu.

Kesho yake, furu wawili wanaelea.

Keshokutwa, wengine wawili!

Nikachukua maji yaliyobaki kwenye ndoo ya Nyangi, mbio hadi Butiama kwa Bernado, bwana samaki mstaafu wa serikali. Nilitaka anithibitishie sumu.

Akayapima. Akacheka.

"Florian, haya ni maji ya ziwa."

"Na sumu?"

"Sumu gani? Hebu niambie, akwariamu unajaza maji gani?"

Nikamweleza mashine, glasi na vyuma, na furu waliokufa. Akaacha kucheka.

"Ile kahawia ni kutu ya vyuma vyenyewe, bwana! Maji ya mashine hayana chumvi, umeme haupiti, ndiyo maana yalibaki meupe. Na samaki wa ziwa bila chumvi za ziwa hawezi kuishi. Aliyekuwa anachanganya haya ndiye aliyekubakizia hao wachache. Chujio dogo la mkaa lingekutosha."



Nikarudi nyumbani.

"Revocatus... mkeo alikuwa anachota maji ziwani?"

"Kila Jumapili, Baba, ukiwa misa. Alinituma nikwambie kuhusu mashine. Mara tatu."

"Ukanyamaza?!"

"Baba... nani anakwambiaga wewe kitu ukakubali?"

Ndugu msomaji, shaka si dhambi. Dhambi yangu ni kwamba niliigawa vibaya. Aliyekuwa ananiuzia nilimpa imani yote, aliyekuwa ananisaidia nikamwachia shaka yote.

Wamebaki furu watatu. Wako kwenye maji ya ziwa.

Leo asubuhi nimekaa na kalamu. Mkwe haombwi radhi uso kwa uso, kwa hiyo nimeandika:

"Nyangi mwanangu, nilikosea. Samaki wa mama yako wanakungoja. Ukirudi, ukiona nakosea, niambie mwenyewe. Mwiko huo nimeuondoa mimi mwenye nyumba."

Nikalamba bahasha, nikaigandamiza kwa kiganja, nikamwita Masanja wa bodaboda.

"Mzee, si umpigie simu tu?"

"Nyegina, Masanja. Umkabidhi mkononi mwake."

Akaiweka kifuani ndani ya koti, akawasha pikipiki, akaenda.