Mlango Usiusugue

"Mlango wa dereva usiusugue, Awuor. Pitisha dizeli tu ung'ae, basi."

"Dizeli?" Awuor alitua ndoo chini kwa kishindo, maji yakamrukia miguuni. "Masalu, unanitukana mbele ya wateja wangu?"

"Kila dereva wa Mwaloni anapaka dizeli."

"Ndiyo maana malori yao yakifika Magu yanafanana na andazi lililobingirishwa kwenye sukari. Dizeli inang'aa nusu saa, halafu inaita vumbi lote la barabarani. Kesho unaingia kwa baba yangu Shirati. Unataka mzee Ogweno akuone umeshuka kutoka kwenye andazi?"

Masalu alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Awuor alikuwa na banda lake la kuoshea magari pale Kirumba, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni. Banda la mabati, mashine moja ya presha, na mikono ambayo madereva walikuwa wakiisifu hadi Musoma. Masalu alikuwa Msukuma wa Kisesa, mrefu, mwenye maneno matamu, anayebeba dagaa kwa Fuso la bluu aliloapa kwamba alilinunua jipya kwa jasho lake, na kwamba mkono wa mtu mwingine haujawahi kugusa usukani wake. Mapenzi yao yalikuwa na miezi minane. Kesho yake Masalu alikuwa anakwenda kutoa posa, na alitaka kuingia na lori lake mwenyewe ili ukoo mzima wa Ogweno uone mkwe wa aina gani anakuja. Awuor na mama yake wangefuata kwa basi la jioni.

"Ule mlango una rangi mpya," Masalu alisema. "Ukiusugua utauharibu."

"Rangi mpya ndiyo inayotaka waksi zaidi. Mimi na wewe nani muosha magari?"

"Mpenzi, nisikilize leo tu. Fanya kwingine kote, mlango uache." Akamkabidhi funguo, akamshika shavu. "Ngoja nikanyoe, halafu nimchukue mjomba. Saa saba tuondoke."

Akaenda zake akipiga mluzi.

Pembeni ya banda, Akelo, mama yake Awuor, alikuwa akikaanga maandazi. Maneno yote yale aliyasikia.

"Nyathina." Akelo alimwita hivyo kwa Kiluo, yaani mwanangu, kila alipokuwa na hofu.

"Abee, mama."

"Kwao umeshafika?"

"Mama, umeanza tena!"

"Nimeanza lini na sijawahi kuacha? Kisesa si Bukoba, hakuna meli ya kusubiri. Unapanda gari sasa hivi, chai yako haijapoa uko Kisesa. Miezi minane hajakupeleka hata kuona jiko la mama yake?"

"Wanajenga. Anaona aibu nyumba haijaezekwa."

"Mimi nimeishia darasa la saba, mambo mengi siyajui. Lakini mwanaume anayeficha kwao namwogopa kuliko mamba."

"Hata lori lake hulioni zuri?"

"Lori nimeliona. Ninachouliza ni huko linakolala."

Awuor alicheka akaingia kazini. Kazi ile aliifanya kama mtu anayejisukia nywele za harusi yake mwenyewe.

Kwenye rafu yake kulikuwa na sabuni ya unga, sabuni ya vyombo na shampuu ya magari. Ya unga aliichukua kwa ajili ya tairi na bodi tu, pale chini palipoganda shombo na magamba ya samaki. Kichwa cha gari hakukigusa nayo, maana sabuni ile inakula waksi na kuiacha rangi imepauka kama kisigino cha kiangazi. Kichwa alikipa shampuu. Alitumia ndoo mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia sponji, ili mchanga usirudi ukakwaruza rangi. Aliosha kutoka juu kushuka chini. Kuna vijana waliokuwa wakiyaingiza magari ziwani na kuyaosha kwa maji yenye mchanga. Awuor alikuwa akiwaambia, "Hamwoshi ninyi, mnapiga msasa."

Baada ya kusuuza alilisogeza lori kivulini, jua lisiache madoa ya maji, akalikausha kwa kitambaa laini. Kisha akachukua dawa ya kusugulia rangi, akaondoa mafuta ya zamani na mikwaruzo, akafuatisha waksi, kidogo kidogo kwa mizunguko midogo. Waksi haipakwi kwa pupa kama siagi kwenye mkate. Saa tano Fuso lilikuwa bluu kama ziwa asubuhi, na wachuuzi wa samaki walikuwa wakilisogelea kujitazama meno.

Ukabaki mlango wa dereva.

Alipitisha kidole. Ulikwaruza kama ngozi ya kenge. Bluu yake ilikuwa imekoza kuliko bluu ya kwingine, bila mng'ao wowote. Awuor akasonya.

"Baba ataangalia wapi kwanza? Si hapa mkwe atakaposhukia?" alijisemea. "Masalu atanisamehe. Mimi siwezi kutoa kazi yenye kilema."

Akatia dawa kwenye kitambaa, akasugua pembeni taratibu. Kitambaa kikatoka na bluu nzito, nzito mno. Hii ilikuwa rangi ya kopo, ya kupuliza, iliyowekwa juu ya rangi nyingine bila hata kuandaliwa. Akasugua tena. Chini yake kikatokea kitu cheupe.

Herufi. M.

Akasugua. A. Halafu M nyingine.

Mkono haukuacha kuzunguka. Baada ya dakika kumi mlango ulikuwa umesema kila kitu: BABA PIUS NA MAMA PIUS, KISESA. Chini yake kulikuwa na namba ya simu.

Awuor aliusoma mara mbili. Labda ni wenye lori wa zamani, aliwaza. Lakini Masalu si alisema lilikuwa jipya? Akajifuta mikono, akapiga ile namba.

"Haloo, nani mwenzangu?" Sauti ya mwanamke, yenye Kiswahili cha Kisukuma.

"Samahani, dada. Naitwa Awuor, naosha magari hapa Kirumba. Namba yako nimeikuta kwenye mlango wa Fuso la bluu."

"Wee! Imeonekana? Baba Pius aliniambia aligongwa Igoma, mlango ukapigwa rangi. Kila siku namwambia arudishe jina, yeye kesho, kesho. Kwani kuna nini? Amepata ajali? Mume wangu mzima?"

"Mzima, dada. Amekwenda kunyoa."

"Mungu ashukuriwe. Aliniaga anapeleka dagaa Kahama."

"Baba Pius jina lake nani?"

"Masalu. Kwani hakukutajia?"

"Alinitajia, dada. Kesho alikuwa anakuja kwetu Shirati. Kunitolea posa."

Upande wa pili alisikika akifukuza kuku, kisha akarudi simuni.

"Rudia, mdogo wangu."

Awuor akarudia.

"Kwa lori langu?" Sauti haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha Awuor. "Hilo lori ni ng'ombe wa marehemu baba yangu. Niliwatoa zizini kuwauza mmoja mmoja, nikiwataja kwa majina yao."

"Sikujua, dada. Mungu ni shahidi."

"Nakuamini. Ungejua usingenipigia. Funguo unazo wewe?"

"Ninazo."

"Zishike. Nakuja."

Awuor aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia kimyakimya, machozi yakichanganyika na povu la magotini. Akelo akaja. Akausoma mlango polepole, neno kwa neno. Hakusema, "Nilikuambia." Alimvuta mwanawe kifuani, wakakaa hivyo mpaka maandazi yakaungua.

"Acha hiyo kazi," alisema mwishowe. "Twende nyumbani."

Awuor akainuka, akajifuta uso kwa kanga.

"Hapana, mama. Mimi sijawahi kuacha gari nusu."

Akachukua kopo la waksi. Akazipaka zile herufi moja baada ya nyingine, akasubiri ikauke iwe kama ukungu, akaifuta kwa kitambaa safi. Akarudia mara ya pili. Jina la Mama Pius akalipa mara tatu.

Simu ikatoa mlio. Meseji: "Mke wangu mtarajiwa umemaliza? Nipo na mjomba tunakuja."

Akajibu: "Namalizia mlango."

"SI NILISEMA UUACHE???"

Simu ikaanza kuita. Akaiacha iite ndani ya aproni.

Aliyewahi kufika ni Evelina, ndiye Mama Pius, juu ya bodaboda, kitenge kimefungwa imara kama anayekwenda kulima. Hakuuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akasimama mbele ya jina lake, na mlango ukamrudishia uso wake.

"Umeandika upya?"

"Hapana, dada. Ni yale yale, nimeyafunua tu."

"Yamekuwa mazuri kuliko siku yalipoandikwa." Akamgeukia. "Pole, mdogo wangu."

"Pole na wewe, dada."

Ndipo Masalu akatokea, kichwa kinang'aa, suti nyeusi, anakimbia nusu na kutembea nusu. Nyuma yake mzee mwenye koti lililompwaya. Wachuuzi wa Mwaloni walikuwa wameshajaa, wengine wakiusoma mlango kwa sauti.

"Mama Pius..." Masalu alikauka pale pale.

"Baba Pius. Umenyoa vizuri. Kahama siku hizi kumehamia Kirumba? Na huyu ni nani?"

"Ni... mjomba."

"Mjomba yupi? Mama yako alikuwa na kaka wawili. Mmoja tumemzika Bujora, mwingine hata asubuhi ya leo nimempelekea uji. Huyu wa tatu kazaliwa lini?"

Yule mzee akavua kofia. "Mimi, mama, naitwa Alexander. Napima samaki hapo sokoni. Niliambiwa nivae koti, kule kuna wali na mbuzi."

Watu wakaangua kicheko hadi mwenye beseni la sangara akalitua chini.

Masalu akamsogelea Awuor. "Nilikupenda kweli. Ningekueleza baadaye, naapa."

"Baadaye lini? Baada ya baba yangu kupokea ng'ombe wa mwenzangu?"

"Sawa, nimekosa! Lakini ufunike huo mlango, watu wanasoma!"

Hakuna aliyesogea. Masalu akainama kwenye mtaro, akachota tope kwa mikono miwili, suti na yote, akalitupa mlangoni. Tope likapiga herufi, likateleza, likashuka kwa matone kama maji juu ya jani la magimbi. Likaanguka chini. BABA PIUS NA MAMA PIUS, KISESA, pakabaki safi kama pametoka kuoshwa.

"Tope halikai kwenye waksi," Awuor alisema. "Asubuhi nilikuambia uniachie kazi yangu, ukataka dizeli. Dizeli ingekusaidia, lingeshika."

Vigelegele vikapasuka Mwaloni nzima.

Evelina akanyoosha mkono, Awuor akampa funguo.

"Dada, unajua kuendesha?"

"Unadhani nani alilitoa Dar?" Evelina alipanda, akafunga mlango, akatoa kichwa dirishani. "Baba Pius, utakuja kwa miguu. Au mwombe mjomba akubebe. Ukifika, wazee wa kwenu na wa kwetu watakuwa uwanjani wanakusubiri." Kisha kwa Awuor: "Mwezi ujao nalirudisha uoshe. Na nitakuja na wenzangu wenye malori."

Fuso likaondoka, na kila lilipopita watu waliliona jina kabla ya kuliona lori.

Awuor akapiga simu Shirati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mgeni ameshaanza safari?"

"Mrudishe mbuzi zizini, baba. Mgeni ana mwenyewe."

Mzee Ogweno akauliza, "Wewe uko salama?"

"Mimi nipo. Nimelia kidogo. Lakini, baba, ungeuona ule mlango! Umekataa hata tope."

"Basi hujapoteza kitu. Mbuzi haozi, mwanangu. Atakaa mpaka aje mwenye mlango ulio wazi."

Akelo aligeuka akajifanya anatafuta kijiko, kumbe anafuta machozi ya fahari.

Dereva mmoja akaingiza Scania lake bandani, akateremka akijikuna kisogo. "Dada, na langu lioshwe kama lile."

"Milango nisugue?"

Dereva akatazama huku na huku. "Sugua yote. Mimi sina nilichoficha."

"Tutaona," alisema Awuor, akajaza ndoo mbili.

Tangu siku ile akina mama wa Mwaloni wana swali moja tu kwa binti anayetangaza kuwa amepata mchumba. Hawaulizi ana gari gani wala suti ya rangi gani. Wanauliza: kwao umeshafika? Nanyi mabinti mnaosoma hapa, msiwakasirikie mama zenu wakiuliza. Pandeni gari. Kisesa si mbali.