Diski Isiyo na Sauti

"Msumari, unanisikia?"

Sauti ya Mkuu wake wa upelelezi ilitoka kwenye kidude kilichofichwa sikioni. Msumari alikohoa mara moja. Ndiyo.

"Malori yanaondoka saa kumi jioni. Yamebeba dawa za watoto, na ndani ni chokaa tupu. Tafuta ghala lilipo, la sivyo kesho zitakuwa hospitalini."

Jibu lilikuwa ndani ya kompyuta kuukuu ya Dell iliyokuwa mbele yake.

Mwenye kompyuta, mzee aliyeendesha biashara hiyo, alikaa nyuma yake. Macho ya mzee yalikuwa yamezimika, masikio bado. Mlangoni alisimama mpwa wake, bastola ya Glock kiunoni.

"Fundi, hiyo diski inakwaruza," mzee alisema. "Ikikwaruza, najua unaisoma. Ikinyamaza, kazi imekwisha, mikono mezani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mzee."

"Na sauti ya marehemu mke wangu imo humo. Ukiipoteza, na wewe umepotea."

Mpwa alicheka. "Mjomba hatanii, fundi."

Msumari alichomeka diski mpya ya SSD, akaanza kuhamisha mafaili. Diski ya zamani ilikwaruza, ikakwama. Ikifa sasa, kuna mama atakayemnywesha mwanawe chokaa.

Ikakwaruza tena.

Ilipomaliza, aliichomoa, akafunga SSD mahali pake, akawasha.

Kimya.

"Mikono," mzee alisema.

Msumari alipiga meza kwa kiganja cha kushoto, mzee asikie. Mpwa alikuwa amezama kwenye simu. Ulinzi alimwachia mjomba na masikio yake.

Mkono wa kulia ulizungusha mpini wa bisibisi. Ndani mlikuwa na flashi yenye kirusha mawimbi hadi kwa Mkuu. Akaichomeka kwenye kompyuta.

SSD ilisomwa yote. Haikutoa hata mnong'ono.

"Tumepata," Mkuu alisema. "Nyuma ya kiwanda cha rangi. Vijana wanaingia sasa hivi. Na nyumba hiyo imezungukwa. Toka."

Mzee aliinua kichwa. "Mbona siisikii?"

"Za kisasa hazina sauti, mzee."

"Sasa nitajuaje mtu akiisoma?"

"Hutajua."

Mzee alikunja uso. Msumari alibofya faili moja. Sauti ya mwanamke ikajaza chumba, ya uchovu, ya mtu aliye jikoni:

"Watoto wameshakula?"

Mzee aliinamisha kichwa.

"Rudia, mwanangu."

Msumari alirudia. Kisha akakusanya vifaa vyake, akampita mpwa mlangoni, akashuka ngazi taratibu. Askari walipishana naye wakipanda, bunduki mikononi.

"Ghala limefungwa," Mkuu alisema. "Hakuna boksi lililotoka. Kazi safi, Msumari. Msumari?"

Msumari alikitoa kidude sikioni, akavuka barabara bila kugeuka.